Kilichokuwa Kichwani mwa Kapteni Ntakije

Bi Deodata Ntakije hakumkaribisha mgeni wake ndani. Alimtolea kiti barazani, naye akabaki amesimama mlangoni, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kama mafundi cherehani wanavyouvaa.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari Mwavita Kilosho.

"Marahaba. Wewe ndiye msomaji?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani atakuja mtu mzima zaidi." Akamtazama kidogo. "Kwa hiyo mmempata."

"Tumempata, mama. Alikuwa bado kwenye kiti chake, mkanda umefungwa."

Bi Deodata akashika mwimo wa mlango. Hakulia. Alisimama hivyo mpaka jirani aliyekuwa akipita njiani akamsalimia, akaitikia, jirani akapita.

Habari zenyewe alikwisha kuzisikia redioni, kama Urambo nzima. Roboti zilizotumwa kuchora ramani ya sakafu ya Ziwa Tanganyika zilikuwa zimekuta ubawa wa ndege upande wa Kongo, kwenye kilindi ambacho wakati wa msako wa kwanza hakuna chombo nchini kilichoweza kukifikia. Ilikuwa ile ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma miaka ishirini na miwili nyuma, ikapotea kwenye rada baada tu ya kupita Uvinza. Mwili wake ulikuwa umepasuka na kutawanyika, lakini chumba cha marubani kilikuwa kimejizika kwenye tope kikiwa kizima. Chini kule maji hayana hewa. Hakuna samaki, hakuna funza, na kitu kikizama hakiozi kama vinavyooza vitu vingine.

"Unajua nimesikia mangapi juu ya ndege hiyo?" Bi Deodata aliuliza. "Mwaka wa kwanza walisema imetunguliwa na jeshi la nchi jirani, serikali zikakubaliana kunyamaza. Baadaye wakasema ilibeba dhahabu, ikatekwa, ikateremshwa msituni, na abiria wako hai wanachimba mashimo huko. Kuna mama mmoja Kasulu aliapa mwanawe alimpigia simu, namba haionekani, akasikia anapumua tu. Hayo yote niliyavumilia. Na mimi nilikuwa nikiamini leo hiki, kesho kile. Halafu mtu mmoja akakumbuka kwamba mume wangu Gervas alionekana analia kanisani Jumapili ile kabla ya safari. Basi. Wakawa wamepata jibu. Alitaka kufa, akaona asife peke yake."

"Alikuwa analilia nini, mama?"

"Alikuwa amemzika mama yake. Lakini nani alitaka kusikia hilo? Waliandika MUUAJI kwenye ukuta wangu, nikapaka chokaa, wakaandika tena. Ndipo nikahamia huku. Na yule Mzee Songoro, msemaji wa ndugu za abiria, kila siku ya kumbukumbu anasimama mbele ya watu na kulirudia. Simlaumu. Alipoteza mke na binti. Ila yule mzee amemuua mume wangu mara ngapi!"

Mwavita alikunja mikono magotini. Alikuwa amesafiri na maneno yaliyopangwa vizuri, na sasa aliona hayatamsaidia.

"Mama, rubani msaidizi, binti aitwaye Kalunde, aliumia kichwa. Hasomeki. Vinasa sauti vya ndege viliungua. Aliyebaki ni Kapteni peke yake. Mashine yangu inaweza kusoma kumbukumbu iliyobaki kwenye ubongo, lakini ni mara moja tu, kwa sababu mwanga unaosoma ndio unaoharibu. Na sheria inataka ruhusa ya mtu wake wa karibu. Ukikataa, tutamfunika tukuletee umzike, na hakuna atakayekuuliza neno."

"Utaona tu ile saa ya mwisho?"

"Hapana. Kumbukumbu hazikai kwa mpangilio wa kalenda. Zenye nguvu hutangulia, zozote zile. Nitaona mambo yenu. Sheria inanitaka nifute kila lisilohusu ajali, na nisilitamke mpaka naingia kaburini."

"Utafuta kwenye mashine," alisema Bi Deodata. "Na kichwani mwako?"

Watu wengi hawakuuliza swali hilo. Wachache waliouliza, wasomaji wenzake waliwajibu kwa kuzungukazunguka.

"Kichwani mwangu hayafutiki," Mwavita alisema. "Mengi hufifia baada ya miezi. Mengine nimekaa nayo mpaka leo."

Bi Deodata akauvuta ule utepe shingoni, akaukunja taratibu mkononi. Kisha akaingia ndani, na Mwavita akajua ameshindwa. Lakini mama yule alirudi na stuli, akaketi karibu yake.

"Ungenidanganya hapo ningekufukuza," alisema. "Soma. Ila kabla hujamwambia jaji wala waziri, uniambie mimi. Hata kama alifanya hayo wanayosema. Uniambie mimi kwanza."

*

Maabara ilikuwa bandarini Kigoma, kwenye ghala lililopakwa rangi nyeupe. Mwavita alilala kitandani, wakamvisha kofia yenye nyuzi, wakamwambia ahesabu. Hakumaliza kuhesabu.

Mtu anayesomwa haonekani kama mtu kwenye picha. Msomaji anakuwa na mikono ya mtu huyo, na njaa yake, na kichefuchefu chake. Kwa muda ambao hakuweza kuupima, Mwavita alikuwa mwanaume mrefu anayeumwa goti la kushoto. Alivuka mto Malagarasi akiwa amebebwa mgongoni. Alitukanwa na mwalimu. Alisimama nyuma ya kibanda kimoja, wembe mkononi. Hayo yote yalikuja na kuungua papo hapo, naye akayaacha yapite, kama alivyofunzwa.

Kisha ukaja moshi.

Ulitoka chini ya sakafu, mwembamba, wenye harufu ya plastiki. Kalunde alikuwa wa kwanza kuuona. "Kapteni, chini ya miguu yako." Walivaa barakoa za hewa. Kapteni aliita mnara wa Kigoma, akasikia mkwaruzo, akaita tena, hakusikia hata mkwaruzo. Taa za dashibodi zilizimika moja baada ya nyingine. Wakatoka chini ya mawingu, na mvua ikapungua, na mji ukawa mbele yao.

"Flapu za mabawa hazishuki," alisema Kalunde.

"Jaribu njia ya akiba."

"Nimejaribu. Na breki hazina presha. Nyaya zimeungua, Kapteni."

Mwavita alijua kwa akili ya Kapteni maana ya maneno hayo. Ndege ingegusa uwanja kwa kasi ambayo uwanja ule haungeimaliza. Ingepita mwisho wa lami, ingepita uzio, na ng'ambo ya uzio lilikuwa soko jipya. Ilikuwa mkesha wa Idi. Kutoka juu aliona miavuli na maturubai yamebanana, na watu katikati yake wengi hata ardhi haionekani.

"Tushuke hivyohivyo," alisema Kalunde. "Ikipasuka mbele, wa nyuma watapona. Kapteni, watapona baadhi!"

Macho ya Kapteni yalipita juu ya soko lile lote. Yakasimama kwenye paa moja la bati la buluu. Chini ya bati lile kulikuwa na cherehani, na nguo za watoto zimetundikwa zikisubiri wenyewe, na mwanamke aliyekuwa amemwambia kwenye simu asubuhi ile: Usinitafute nyumbani, leo nitakuwa sokoni mpaka jioni.

Hakuwa na neno lolote kichwani. Alikuwa na uso wa mwanamke huyo, na mikono yake ikageuza usukani.

"Kapteni! Kapteni, uwanja uko huku!"

"Nimeuona," alisema. "Tunakwenda majini. Upande wa pili wa ziwa kuna maji tulivu karibu na ufukwe. Nisaidie, mwanangu."

Kalunde alilia, lakini alimsaidia. Nyuma ya mlango abiria walikuwa wakiita, wengine kwa Mungu, wengine kwa majina ya watu. Mawingu yakawafunika tena. Injini ya kulia ikazima kabla ufukwe haujaonekana.

Mwavita alipofumbua macho ghalani, mchana ulikuwa mweupe dirishani. Muuguzi alimshika bega, akamuuliza jina lake. Ilimchukua muda kulikumbuka.

*

Jaji mstaafu Hyera, mwenyekiti wa tume, alikuwa mtu mpole aliyezoea kusikilizwa. Alimpa siku za kupumzika, na hakumuuliza lolote mpaka Mwavita aliporudi kutoka Urambo, kwa sababu masharti ya mjane yalikuwa yamesainiwa na jaji mwenyewe.

Huko Urambo, Mwavita alikuwa amekutana na jambo ambalo hakujiandaa nalo. Bi Deodata alipotokea mlangoni, moyo wa Mwavita uliruka. Alijua mahali ambapo mama yule alikuwa na alama ndogo chini ya sikio. Alijua anavyocheka akiwa hataki kucheka. Mapenzi ya mtu aliyekufa yalikuwa yamemkaa kifuani, na ilibidi aangalie chini ili yasionekane usoni.

Alimweleza yote, polepole. Bi Deodata alisikiliza akiwa ameshika kitambaa alichokuwa akikishona. Mwavita alipofika kwenye bati la buluu, mama alisema, "Basi," akakiweka kitambaa chini. Baadaye akauliza, "Kama siku ile nisingekwenda sokoni?"

"Sijui, mama."

"Umekuwa ndani ya kichwa chake na hujui?"

"Pengine angegeuza vilevile, kwa sababu ya watu wote wale. Pengine angetua. Niliona alichokiona. Ambacho hakukiona yeye mwenyewe, mimi sikukiona."

"Usiwaambie kuhusu mimi," alisema Bi Deodata. "Sema moto, sema soko. Uso wangu uache. Hilo ni letu."

Mwavita akaahidi. Sheria ilimruhusu kuahidi.

Jaji Hyera alipopewa habari aliweka kalamu mezani. Kisha akafurahi, na furaha yake ndiyo iliyomsumbua Mwavita. "Aliwaokoa maelfu," alisema. "Watu walimtukana shujaa! Waziri atataka kuja mwenyewe."

"Mheshimiwa, ripoti ina nafasi tatu tu. Hitilafu, kosa, au kusudi. Moto ni hitilafu. Lakini aliyeipeleka ndege ziwani ni yeye, akijua, na mwenzake akimpinga. Ni lazima niandike kusudi."

"Andika hitilafu. Nani atakulaumu?"

"Abiria walikuwa na nafasi ndogo ya kupona uwanjani. Yeye aliichukua nafasi hiyo akawapa watu wengine. Ndugu zao wana haki ya kujua hilo lilifanyika."

"Na wakijua watapata nini, Daktari? Watamlaani upya."

"Labda. Ila safari hii watamlaani kwa alichokifanya."

Jaji alivua miwani. "Kuna kingine hujaniambia."

"Kuna kingine, mheshimiwa. Sitakuambia."

Jaji akavaa tena miwani yake. "Andika kusudi," alisema. "Na Mungu atusaidie siku ya kuisoma ripoti."

*

Siku ya kusoma, ukumbi wa halmashauri ulijaa mpaka kwenye ngazi. Ndugu za abiria walikaa mbele. Bi Deodata alikaa nyuma, karibu na mlango, kitenge kimefunika kichwa. Waliomtambua walisogea mbali naye.

Mwavita alisoma kwa sauti ya kawaida. Aliposema neno kusudi, ukumbi ulilipuka, na jaji akapiga meza mpaka mkono ukamuuma. Aliendelea. Alisema moshi, redio, flapu, breki. Alisema soko. Kelele zikafa. Wengi mle ukumbini walikuwa sokoni siku ile, au mama zao walikuwa sokoni, na Mwavita aliona watu wakigeuka kuangaliana. Akasema na maneno ya Kalunde, yote, bila kupunguza.

Mzee Songoro Mlanda alisimama. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda, kanzu yake imepigwa pasi. Kila mtu alimngojea.

"Yule binti Kalunde alitaka kutua," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Wangetua, wangepona wangapi?"

"Sijui. Labda wachache wa nyuma. Labda hakuna hata mmoja, na sokoni wangekufa wengi."

"Mke wangu Mwamini na binti yetu Hawaa walikaa nyuma kabisa," alisema Mzee Songoro. "Viti hivyo niliwachagulia mimi. Niliambiwa nyuma ndiko salama."

Mzee akainyoosha kanzu yake.

"Nina swali moja, Daktari. Mimi nimefanya kazi na watu maisha yangu yote. Mtu hafanyi jambo kubwa kama hilo kwa ajili ya umati. Umati hauna sura. Pale alipogeuza usukani, alikuwa anamfikiria nani?"

Mwavita aliiweka ripoti mezani. Mbele yake palikuwa na kipaza sauti na nyuso zisizopepesa. Angeweza kusema aliwafikiria watu wa sokoni, na isingekuwa uongo mtupu.

"Mzee wangu," alisema, "siruhusiwi kusema. Na sitaki kukudanganya."

Minong'ono ikaanza. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba wanafichwa tena. Mzee Songoro hakugeuka. Aliendelea kumtazama Mwavita, na Mwavita hakuweza kumtazama.

"Alinifikiria mimi."

Sauti ilitoka nyuma, karibu na mlango. Bi Deodata alikuwa amesimama, kitenge kimeteremka mabegani.

"Nilikuwa sokoni," alisema. "Nilikuwa nashona nguo za Idi. Nilimwambia nitakuwa pale, na aliliona paa langu. Daktari ananificha kwa sababu nilimwomba anifiche. Haya, mmejua. Kama mnataka kumtukana mtu, mie ndiye niliye hai."

Hakuna aliyemtukana. Mwanamke mmoja mstari wa pili alianza kulia kwa sauti ya chini, akaendelea. Mzee Songoro alishika mgongo wa benchi.

"Siwezi kukuangalia, mama," alisema hatimaye. "Uniwie radhi. Leo siwezi."

Bi Deodata akaitikia kwa kichwa, akatoka nje.

Jaji aliahirisha kikao. Watu hawakuondoka upesi. Walisimama makundi makundi uani, wakizungumza taratibu kama watu walio msibani. Mwavita alitoka kwa mlango wa pembeni, akamkuta Bi Deodata ameketi kwenye ngazi za nyuma ya jengo, akingojea gari la kumrudisha Urambo. Akataka kumwendea, akasita, maana kile kilichomvuta hakikuwa chake chote.

Wakati anasita, Mzee Songoro alitokea upande wa pili. Alitembea polepole. Alipofika kwenye ngazi alisimama huku ameangalia ziwa.

"Ningekuwa mimi rubani," alisema, "na Mwamini yuko sokoni." Hakumaliza. Alifuta uso kwa kiganja. "Sijui kama nimemsamehe mumeo. Wewe hukunikosea kitu, mama, kwa hiyo siwezi kusema nakusamehe. Nilikukosea mimi. Watu walioandika ukutani kwako nilikuwa nawafahamu."

"Nilijua," alisema Bi Deodata.

"Ulijua?"

"Kigoma ni mji mdogo, mzee."

Mzee akaketi, ngazi moja chini yake, kwa shida ya magoti. Boti ya abiria ilikuwa ikiingia bandarini, na wapagazi walikuwa wakiitana.

"Miaka yote hii nimemjua kwa namna alivyokufa tu," alisema Mzee Songoro. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Unataka kweli kujua?"

"Nataka. Halafu nitakuambia wa kwangu."

Bi Deodata alifikiri. "Alikuwa na aibu," alisema. "Huwezi kuamini, rubani mzima. Tulivyojuana, nilikuwa na kibanda cha kushonea pale mtaa wa Mwanga. Siku moja kaja, suruali ya kazi imechanika gotini, anaomba nimshonee haraka kwa sababu anasafiri. Nikamshonea. Wiki ya pili kaja na nyingine, imechanika vilevile. Nikamwambia, wewe baba, huko angani mnatambaa? Mama yangu alikuwa anasema kijana yule hana bahati na nguo."

Mzee Songoro alitoa sauti ambayo ilikaribia kuwa kicheko. Bi Deodata naye akacheka, akiwa hataki kucheka.

Mwavita alisimama kwenye kivuli cha ukuta, hatua chache tu kutoka kwao. Sheria ilikuwa wazi, na safari hii hakuona shida kuitii. Aligeuka, akaondoka bila kuwaaga. Suruali zile hazikuchanika zenyewe. Kapteni Ntakije alizichana mwenyewe, nyuma ya kibanda, kwa wembe.